Kidole Gumba cha Lorine

Mke wangu Lorine hufinyanga vyungu, na udongo huuchimba mwenyewe bondeni, nyuma ya boma letu karibu na Magunga. Mama yake alimfundisha kwamba damu ikimwagika kwenye shimo la udongo, vyungu vitapasuka motoni. Kwa hiyo nyoka akitokea, Lorine hamuui. Humbana shingoni kwa vidole viwili, akaenda kumwachia majanini. Miaka kumi na minane amefanya hivyo, nami nimepiga kelele hadi nimechoka.

Mwezi wa nne, baada ya mvua, jembe lake lilifukua nyoka mdogo mweusi, mwembamba, mwenye vijicho vidogo mno. Nyoka huyu huishi chini ya ardhi na kuwala panya na mijusi ndani ya mashimo yao, mahali pasipo na nafasi ya kupanua mdomo. Basi jino lake la sumu hujitokeza pembeni mdomo ukiwa umefumbwa, naye huchoma kwa kugeuza kichwa. Ukimshika shingoni ndiyo umempa kidole. Hayo tuliambiwa baadaye.

Lorine alirudi nyumbani amekishika kidole gumba cha kulia, kile kinachokunja mdomo wa kila chungu. Nikatafuta kamba na wembe, nifunge mkono, nichanje, ninyonye sumu. Jirani yetu Celestine, mhudumu wa afya wa kijiji, akaninyang'anya wembe.

"Baba Liz, wacha! Ukikata, hiyo mkono utaimaliza wewe. Ita pikipiki!"

"Kwani wewe ni daktari?" nikamfokea.

"Mimi si daktari. Ita pikipiki."

Hospitalini daktari alituambia sumu ya nyoka huyo haina dawa ya kuikata. Alimpa Lorine dawa ya maumivu, akauinua mkono, akasema tungoje. Kisha akanitazama. "Mngefunga na kukata, kidole kingeenda."

Kilivimba, kikawa cheusi. Wiki tatu nilimwomba Mungu kwa ajili ya kidole kimoja, na sioni haya kusema nililia. Ukucha ulitoka, ngozi ikabambuka. Kidole kikabaki.

Juzi Lorine alitoa motoni chungu chake cha kwanza tangu siku ile. Mdomo umepinda kidogo. Akasema ni cha Celestine, akataka kujitwika.

"Lete," nikamwambia.

Huku kwetu mwanamume habebi chungu kichwani. Nilikibeba, nikapita nacho katikati ya soko, watu wakicheka hadi wakashika mbavu, mpaka mlangoni kwa Celestine.