Karo Aliyolipa Marehemu

Ukitaka kumharibia Debra Amolo siku, mtajie mtu fulani aliyekufa akiwa "nguzo ya jamii". Mtajie tu, kisha kaa kando uone mdomo unavyombenuka. Pale mtaani kwao, Obunga, wako wanaosema msichana ana kisirani. Hana kisirani. Ni kinyaa tu, na kinyaa hicho alikipata kihalali, tena kwa kazi ya mkono wake mwenyewe.

Mamake, Lornah, hukaanga mgongo wazi. Kama hujafika Obunga, mgongo wazi ni kile kinachobaki samaki aitwaye mbuta akishatolewa minofu kiwandani: kichwa, mkia, na katikati mifupa mitupu. Minofu hupanda ndege ikaliwe ng'ambo, mifupa hupanda mkokoteni ikaja Obunga. Wanawake huinunua, huianika juani, huitumbukiza kwenye karai la mafuta yanayochemka, na watu hula, tena hulamba vidole. Harufu yake haitoki nguoni hata ufue na nini. Debra alisoma shule ya upili na harufu hiyo mgongoni. Wenzake waliziba pua, naye akajikaza, akafanya mtihani wa kidato cha nne, akapata B. B safi! Baadaye akaitwa chuo cha uuguzi, na Lornah akapiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka.

Vigelegele vilikatika waliposoma karatasi ya pili, ile ya karo. Hata Lornah angekaanga mifupa ya ziwa zima, asingefikisha pesa ile kabla ya siku ya kuripoti. Pesa hakuwa nazo. Alichokuwa nacho ni shemeji.

Shemeji huyo aliitwa Walter, mdogo wake marehemu mumewe. Alikuwa mkandarasi wa barabara, mwenye nyumba ya ghorofa mtaa wa Milimani, mjini, na boma la mawe kule kwao Usenge.

"Nenda kwa Uncle," Lornah alimwambia binti yake. "Wewe ni mtoto wa ndugu yake wa tumbo moja. Atakutupa aje?"

Kumbe! Uncle Walter alikuwa mkono wa birika. Alimwacha Debra barazani, yeye yuko ndani anakula, na mlango hakuufunga, kwa hivyo Debra alimsikia akinyonya kichwa cha samaki tangu jicho la kwanza hadi la pili. Alipotoka alikuwa anachokonoa meno. Alimsikiliza akiwa amesimama, akatema kitu karibu na viatu vya Debra, kisha akasema, "Nursing? Msichana akipelekwa college anarudi na tumbo. Pesa yangu haiwezi kununua aibu. Mwambie mamako akufundishe biashara."

Akampa nauli. Nayo haikutosha! Debra alishushwa njiani, akamalizia kwa miguu, akitema mate kama mtu aliyemeza nzi.

Aliyewaokoa ni Mama Rehma. Huyu ni jirani yao, Mwislamu, mkubwa wa chama cha wanawake wakaangaji. Aliposikia alipiga kibwebwe chake upya kiunoni na kuwaita wenzake wote kwenye makarai.

"Huyu mtoto ni wetu," alisema. "Muhula wa kwanza tu, jamani, ndio tunatafuta. Kila jioni kila mtu atoe bei ya mfupa mmoja. Kuna mtu atakufa?"

Hakuna aliyekataa. Tangu siku hiyo kila jioni mkebe wa maziwa ya unga ulizunguka kwenye makarai, na sarafu zikaingia, zimeteleza mafuta. Debra alishukuru kwa moyo wote, lakini nisikufiche, alizionea haya pesa zile. Zilinuka. Alijiona akizimwaga mezani kwa mhasibu wa chuo, na mhasibu akivuta kiti nyuma.

Mkebe ulikuwa umepita nusu Uncle Walter alipofariki. Pressure, walisema. Aliinuka mezani akaanguka.

Yawa! Hapo ndipo ungeona maajabu. Kuna kundi la ukoo kwenye WhatsApp. Wakati ule wa matokeo Lornah aliweka humo ile B ya mtoto wake, pamoja na ombi la karo, akajibiwa na vidole gumba viwili na mtu mmoja aliyeandika "Amen". Sasa kundi lilelile lilitoa moshi. Binamu waliokuwa hawashiki simu walishika. Waliokuwa wanalia hali ngumu walituma maelfu. Kukaundwa kamati ya chakula, kamati ya mahema, kamati ya jeneza, na jeneza lenyewe liwe na kidirisha cha kioo. Kulichapwa fulana zenye uso wa marehemu anayetabasamu, tabasamu ambalo Debra hakuwahi kuliona akiwa hai. Kila ujumbe ulipolia, Debra alijumlisha. Kwa hivyo pesa zilikuwepo! Zilikuwepo siku zote. Zilikuwa zinangoja mtu afe.

Siku ya tatu akapigiwa simu na Auntie Winny, mjane wa Walter.

"Debra, wewe ndiwe una Kiswahili kizuri na Kizungu kizuri. Njoo uandike wasifu wa Uncle. Ule wa kusomwa."

Akaenda Milimani. Akaandika alichokijua: alizaliwa lini, alisoma wapi, alijenga barabara zipi, ameacha nani. Auntie Winny alisoma huku midomo imemshuka.

"Hii ni ya karani mstaafu," alisema. "Watu wakubwa wanakuja. Weka alisomesha mayatima."

"Mayatima gani, Auntie?"

"We weka."

Debra akaweka. Auntie akasoma tena, akagonga meza kwa ukucha.

"Haitoshi. Watu siku hizi wameshazoea hiyo ya mayatima. Wanataka mtu wa kuonekana. Si wewe ni yatima?"

"Mama yangu yuko."

"Baba hayuko, basi wewe ni yatima. Andika hivi: kabla hajatuacha, alimlipia Debra karo ya chuo mpaka mwaka wa mwisho. Na utasoma wewe mwenyewe." Alipomwona Debra amekodoa macho, akasogeza kiti na kuishusha sauti, akawa mtamu ghafla. "Sikiza, mama. Pesa ya matanga itabaki. Iko nyingi. Ikibaki, kamati italipa hiyo karo yako yote. Kwa hivyo si uongo. Ni ukweli umetangulia kidogo."

Debra alisogea ukingoni mwa kiti cha ngozi. Alikumbuka lile tonge la mate karibu na viatu vyake. Ilimjia asimame aende zake. Lakini siku ya kuripoti ilikuwa inakuja na mkebe haujajaa, na hapa mtu anamwambia karo yote, mpaka mwisho, pesa safi isiyonuka samaki. Akainamisha kichwa akaandika. Hakumwambia Lornah, kwa sababu alijua Lornah angesema nini.

Mazishi yalikuwa Usenge. Omena, yaani dagaa, walioanikwa kando ya njia waliondolewa ili magari makubwa yapite, na wenye omena hawakulipwa hata shilingi. Mama Rehma na wanawake wa chama walikodi basi dogo kwa pesa zao, wakaja kumshika mkono mwenzao Lornah, maana shemeji ni shemeji hata angekuwa vipi. Lornah mwenyewe alikuwa nyuma ya nyumba tangu alfajiri, anasonga ugali wa watu waliokuja kumlilia mtu aliyemnyima.

Debra akaitwa mbele. Maikrofoni ilinuka mate ya waliotangulia. Alisoma vizuri, mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni, sauti imetulia, kila neno linafika. Alipofika pale pa karo, akapita bila kukwama: "...na mimi niliyesimama mbele yenu ni shahidi, maana alinilipia karo yote ya chuo kabla hajafumba macho." Watu waliguna kwa huruma. Bwana mmoja mwenye tumbo, mkandarasi mwenzake marehemu, alitoa kitambaa akajifuta. Huko kwenye hema la nyuma Mama Rehma alirukaruka mikono juu, "Alhamdulillahi! Alhamdulillahi!" na wanawake wa chama wakampokea kwa vigelegele. Debra aliwaona. Alidhani ni furaha tu.

Lornah alitokea kwenye kona ya nyumba, mwiko mkononi una ugali. Baadaye alimvuta Debra kando.

"Alilipa lini?"

"Mama, nyamaza kwanza. Nitakueleza nyumbani."

Lornah alifungua mdomo, akaangalia jeneza, akaufunga. Maiti iko uani, kaburi liko wazi, wazee wa ukoo wamekaa pale. Ni nani angesimama aseme marehemu hakufanya? Huku kwetu hilo halifanyiki. Mtu anaweza kuwa mwizi wa ng'ombe, lakini siku anazikwa ni mchungaji. Lornah akarudi kwenye sufuria yake.

Jumatatu iliyofuata Debra akampigia Auntie Winny. Hakushika. Akapiga tena na tena, na siku ya pili akashika.

"Pesa gani ilibaki?" Auntie aliuliza. "Tumeweka vigae kwa kaburi. Wenye mahema wanadai mpaka leo."

"Auntie, uliniahidi."

"Debra, mbona una tamaa hivyo? Unataka kulipiwa mara ngapi? Si ulisema kwa mdomo wako, kwa maikrofoni, watu wote wakisikia, kwamba Walter alilipa akamaliza? Usimfanye marehemu mwongo."

Simu ikakatwa.

Basi Debra akakimbia kwa Mama Rehma. Alimkuta kwenye karai, anageuza mifupa, uso unang'aa.

"Mwanafunzi wetu!" Mama Rehma alimkaribisha. "Umeshafunga sanduku?"

"Mama Rehma, ule mkebe..."

"Ah, mkebe! Wallahi Mungu ni mkubwa. Tuliimba kwenye gari kutoka kule mpaka tukapita Bondo. Tukasema, kama mtoto wa Lornah amelipiwa yote, ile yetu imwendee mtoto wa Naswa. Si unajua alifukuzwa shule, na yuko kidato cha tatu? Jana asubuhi tumempelekea mwalimu mkuu mkononi, akaandika risiti." Akamtazama Debra vizuri. "Lakini wewe mtoto ni msiri! Ungetuambia mapema kidogo. Wengine walikuwa wanalaza watoto na chai tupu ili watoe."

Naswa alikuwa pale pale, karai la pili, na alimtabasamia Debra kwa shukrani. Kwa shukrani! Kama angemtukana ingekuwa afadhali. Debra alitaka kusema kitu chepesi aondoke, na maneno yakagoma. Akasema yale mazito, kwa sauti ya kusikika na wote, tangu mate ya Uncle Walter hadi vigae vya kaburi. Lornah alikuja akasimama nyuma yake.

Alipomaliza, Naswa alikuwa ameanza kulia. "Nitafanya nini? Mtoto yuko darasani tayari."

"Akae huko huko darasani," Mama Rehma alisema kwa ukali. Kisha akamgeukia Debra, kijiko chake kikubwa kinadondosha mafuta chini. Furaha yote ilikuwa imemtoka usoni.

"Wale watu wakubwa siwashangai," alisema. "Ndio kazi yao. Mimi nakushangaa wewe. Nimeuza mifupa hapa tangu hujazaliwa. Mtu akiuliza, mimi humwambia ni mifupa. Sijawahi kumwambia mtu kuna nyama."

Akarudi kwenye karai lake.

Siku ya kuripoti ilifika, wenzake wakaripoti. Chuo kilimwambia anaweza kungoja darasa la mwezi wa tatu, akija na karo mkononi. Debra hakwenda kulia kwa mtu. Alifunga leso kiunoni, akawasha moto wake mwenyewe kando ya wa mamake, karai la kuazima, mafuta ya kukopa. Tambara la kusafishia karai hakuwa nalo, na Lornah akamrushia ile fulana ya matanga. Debra aliifungua, akakutana na Uncle Walter anatabasamu. Aliikunja uso uwe kwa nje, akasugua masizi ya karai mpaka meno yote yakawa meusi.

Jioni, Mama Rehma akapita na mkebe. Zamu hii ulikuwa wa bibi mmoja mgonjwa wa jirani. Alisimama mbele ya Debra, na Debra akatoa bei ya mfupa mmoja akatumbukiza. Mama Rehma akautikisa mkebe, akaenda karai linalofuata.

Kisha akaja mteja, kijana wa bodaboda, njaa imemkaba. Aliinama juu ya sinia akigeuzageuza vipande.

"Sista, hii iko na nyama?"

"Hapana," Debra alimjibu. "Ni mifupa."

Kijana alifikiri kidogo, akanunua miwili.