Nilisema Mungu Amekataa, Kumbe Ni Mimi Niliyekataa

Wapendwa wasomaji, nawasalimu. Admin, nakuomba unifichie jina, na kanisa langu sitalitaja. Mimi ni mama wa miaka arobaini na mbili, Mkenya, mjane. Watoto wangu wako kwa nyanya yao Kitale. Hapa Juba nasimamia usafi wa vyumba katika hoteli moja ya mtaa wa Hai Amarat. Majina ya watu hapa chini nimeyabadilisha.

Nilikuja mara tu baada ya mkataba wa amani ya Sudan kutiwa sahihi, wakati hoteli yenyewe ilikuwa mahema tu. Jumapili tulikuwa tunakutana akina mama wachache kwenye ua wa mwenzetu mmoja, mtaa wa Munuki, tunaimba na kuombea watoto tuliowaacha nyumbani. Kikundi kikakua. Wakaingia Wasudani waliorudi kutoka Uganda, kisha majirani ambao hata Kiswahili hawakijui. Wakanichagua kuwa kiongozi wao. Nilikubali kwa woga, Mungu anajua.

Ule woga haukukaa sana. Kazini mimi ni mtu wa kuitwa kwa kidole, naulizwa mbele ya wageni kwa nini shuka lina doa. Nikifika Munuki, watu wanasimama. Naletewa maji ya kunywa, na hakuna anayegusa chakula kabla sijaomba. Mtu akitaka kuhama nyumba, au kupeleka mtoto shule Kampala, anakuja kwanza kuniuliza Mungu anasemaje. Mwanzoni nilikuwa nawaambia, "Nenda nawe ukaombe." Baadaye nikaanza kuwajibu. Ilikuwa tamu, siwafichi.

Kuna msichana, nimwite Keji. Ni yatima, alikulia kambini Uganda, na mimi ananiita Mama. Nikihubiri kwa Kiswahili, yeye anasimama kando yangu anatafsiri kwa Kiarabu cha Juba. Maneno yangu ya kawaida yakipita kwake, wazee wanalia. Bila Keji, nusu ya watu wangu hawanielewi.

Mwaka jana alipata mchumba, Lado, mwalimu wa shule ya msingi, kijana mtaratibu. Lado akapata kazi mji wa Yei, akataka waoane wahamie huko. Keji alikuja kwangu furaha imemjaa usoni.

"Mama, mimi iko na maneno. Lado anataka kunioa, tuende Yei. Wewe omba. Mungu akisema sawa, mimi iko tayari."

Nikamwambia anipe siku chache. Ndugu zangu, sikuomba. Nilikuwa nakunja shuka huku nikiwaza ni nani atanitafsiria. Kisha nikamwita. "Mwanangu, Mungu amekataa. Nimeona giza kwenye hiyo safari."

Hakubisha. Alitazama chini, akasema, "Kama Mungu amesema, mimi ni nani?"

Lado alinifuata hadi getini hotelini. "Mama, kosa yangu ni nini?"

"Huna kosa. Lakini usishindane na Mungu."

Akaniuliza kwa upole, "Mungu alisema na wewe kwa lugha gani, Mama? Maana sisi wengine tunapata maneno yako kwa mdomo ya Keji."

Nilijua amenijua. Badala ya kuona aibu nikamwita mkaidi. Jumapili iliyofuata nilihubiri juu ya vijana wasiotii watumishi wa Mungu, na Keji ndiye aliyetafsiri, neno kwa neno, machozi yakimtoka.

Juzi habari zimefika kwamba Lado amechumbia binti mwingine huko Yei, na mahari inapelekwa mwezi ujao. Nilidhani Keji atanilaumu. Alikuja kunishukuru. "Angalia, Mama. Kama alinipenda kweli, angepata mwingine haraka hivi? Mungu alikuonyesha." Akapiga magoti, akanishika miguu. Yesu ninayemhubiri aliinama mwenyewe kuosha miguu ya watu. Mimi nilimwacha mtoto niliyemdanganya anishike yangu, na sikumwinua.

Jumapili iliyopita nilikwenda nimeamua kusema. Nikasimama, nikaanza: "Sisi viongozi nasi tunakosea. Wakati mwingine tunasema Mungu amesema, kumbe ni sisi wenyewe." Nikasita kabla ya kumtaja Keji. Katika kule kusita, yeye akatafsiri, sauti inatetemeka, na watu wakaanza kulia. Mzee mmoja akasimama akasema hajawahi kuona kiongozi mnyenyekevu namna hii. Nikafunga mdomo, nikapokea sifa.

Baada ya ibada, wazee wa kikundi chetu cha Munuki na wa kikundi kingine cha mtaa wa Malakia wakakubaliana niwe msimamizi wa vyote viwili. Nitawekewa mikono mwisho wa mwezi huu. Keji ameomba atoe ushuhuda siku hiyo, aeleze jinsi Mungu alivyomwokoa na ndoa mbaya kupitia kwangu.

Nikimwambia ukweli sasa, huenda akamfuata Lado, na yule binti wa Yei aumie bila kosa lolote. Nikingoja mpaka mahari ipite, nitakuwa nimemnyang'anya Keji nafasi yake mara ya pili. Nikikiri mbele ya kanisa, kuna watu imani yao bado changa, waliopoteza kila kitu vitani, na neno langu ndilo wameshikilia. Haya yote nimeyapima. Halafu naona kwamba kila sababu ya kunyamaza ninayoipata inaniacha mimi nikiwa bado kiongozi, na hapo nashindwa kujua kama ninawahurumia wao au ninajihurumia mwenyewe. Hata kuomba siwezi tena. Nikifumba macho nasikia sauti yangu tu.

Leo jioni Keji anakuja tupange maneno ya ushuhuda wake. Akiingia, nianze kumwambia nini? Nishaurini, wapendwa. Hata mkinikemea, nitasoma yote.