Vidonge vya Wiki ya Mtihani

Mimi ndiye yule mtu aliyejaribu kudanganya damu yake mwenyewe. Daktari wa homoni kule Kajiado alikuwa amenieleza vizuri: tezi ya shingoni imelegea, ndiyo maana nasikia baridi juani na kusinzia nikichagua mchele. Kila asubuhi nimeze kidonge kimoja kwa maji peke yake, kisha ningoje saa nzima kabla ya chai, kwa sababu maziwa huzuia dawa isiingie mwilini. Baada ya wiki sita angepima damu aone kama ataongeza dozi.

Saa nzima bila chai! Mimi, ambaye safari yangu ndefu ni kutoka kitandani hadi kwa kochi. Jirani yangu hapa Kitengela, Mmaasai anayeniita yeyo, yaani mama, na kuniletea maziwa ya ng'ombe wake, hubisha hodi saa kumi na mbili, na nikishaona maziwa, sufuria iko jikoni. Kidonge nitameza kesho.

"Wewe huna ugonjwa," akanitania. "Uko na uvivu tu."

Iliniuma. Nilitaka karatasi ya hospitali nimwonyeshe.

Zilipobaki siku tano nipimwe damu nikafanya vile nilivyokuwa nikifanya sekondari kila mwisho wa muhula: nikakremu, kila kitu dakika ya mwisho. Vidonge viwili viwili. Moyo ukadunda kama posho mill ikisaga mahindi, nami nikaenda Kajiado na uso wa mtakatifu.

Daktari akasoma majibu, akacheka. "Mama, dawa imejaa hapa kwa damu. Lakini ubongo wako bado unaipigia tezi kelele iamke. Dawa inaonyesha ulichomeza juzi. Ubongo unakumbuka wiki nyingi. Ulianza kumeza lini?"

"Alhamisi," nikasema.

"Basi siongezi kitu. Nikikuongezea kwa majibu ya uongo, moyo ndio utaumia. Kimoja kila siku, halafu tupime tena."

Nikatii. Kidonge nikakiweka juu ya simu, na jirani nikamwomba alete maziwa saa moja na nusu. Wiki sita baadaye damu ilikuwa sawa kabisa, baridi imehama, usingizi wa mchana umekwisha. Nikamkabidhi jirani karatasi kwa maringo, nikiwa nimekaa kwa kochi, blanketi magotini.

Akaisoma pole pole, akatupia jicho vyombo vya jana kwenye sinki.

"Tezi imepona, yeyo. Huu uvivu uliobaki ni wako."