Fundi wa Kuchomelea Anafukuzwa kwa Pawa Saplai Niliyoichagua Mimi

Admin, mlinzi wa jina langu. Wazazi na walezi mliomo humu. Mafundi wa kompyuta. Nanyi vijana wa gemu, mtakaocheka kabla sijamaliza: nawasalimu kwa heshima. Watu wa Iringa, kamwene.

Mimi ni mwanaume wa miaka arobaini na mmoja, mwalimu wa fizikia mkoani Iringa. Wengi wenu mnanijua bila kunijua. Ni mimi niliyeleta hapa kisa cha mdogo wangu wa kike aliyeko Mbeya, mwenye chumba cha gemu, ambaye kompyuta yake huzimika vijana wakiwa katikati ya mchezo. Niliandika kwamba fundi wa kuchomelea, mpangaji wa chumba cha pili kwenye nyumba ileile, anavuruga umeme. Nikauliza tufanye nini. Mkanijibu kwa sauti moja: "Aondoke!"

Mliniamini. Sikuwaambia kwamba kompyuta ile niliichagua mimi, kifaa kwa kifaa.

Siku ya kununua, pale Mwanjelwa, muuzaji alininyooshea pawa saplai, kile kisanduku kinachogawa umeme ndani ya kompyuta, ya watt 650. "Mwalimu, chukua hii. Kadi ya gemu ikipata kazi nzito inavuta umeme mwingi kwa mpigo. Iachie nafasi ipumue." Mimi nilikwisha kujumlisha watt zilizoandikwa kwenye kila kifaa, na jumla haikufika mia nne. Nikamjibu, "Kijana, wewe unauza, mimi nafundisha." Mdogo wangu akacheka kwa fahari: "Huyu ni kaka yangu. Utamwambia nini kuhusu umeme?" Nikachukua ya 450, na chenji tukanunulia feni zenye taa za rangi. Zinapendeza mno, hasa sekunde ile kabla hazijazimika.

Likizo hii nimekuja Mbeya. Fundi huyo, nitamwita Baba Neema, alifunga karakana akaenda msibani Chunya. Mtaa ulikuwa kimya na umeme umetulia. Nikakaa peke yangu, nikafungua gemu la magari. Mbio zilipopamba moto, kompyuta ikazima. Nikapunguza ubora wa picha, ikacheza bila shida. Nikaupandisha, ikazima tena. Nikaazima pawa saplai kubwa kwenye duka la jirani, nikaifunga. Haikuzima hata mara moja.

Hapo ndipo nilipotenda lililo baya kuliko kukosea hesabu. Niliirudisha ile ndogo mahali pake. Nilipanga kuibadilisha Baba Neema akishahama, ili ionekane kuondoka kwake ndiyo tiba.

Mama mwenye nyumba, ambaye naye yumo humu, alikwisha kumsomea Baba Neema majibu yenu kwa sauti, mbele ya wateja wa karakana. Jumamosi kuna kikao cha wapangaji cha kumtoa. Baba Neema aliporudi alinifuata, vumbi la Chunya bado viatuni. Ananizidi umri, lakini alinivulia kofia.

"Mwalimu, mimi maneno sina. Wewe umesoma. Kikaoni nisemee. Waambie mashine yangu ina mita yake, haigusani na ya dada yako."

"Nitaangalia, mzee wangu."

"Ndaga fijo, mwalimu," akanishukuru kwa Kinyakyusa, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Tangu hapo nikisikia mashine yake ikiunguruma, najifungia ndani.

Andiko hili likitoka, mama mwenye nyumba atanitambua kabla chai yake haijapoa. Nishaurini basi: nianze kuungama kwa nani, kwa mdogo wangu anayenisifu kwa kila mteja, au kwa mzee anayengoja nimtetee?

Hilo nawaachia ninyi. La kumtetea Baba Neema siombi ushauri, nimekwisha kuliamua. Jumamosi nitasimama kikaoni na pawa saplai ile mkononi, nami nitasema nilichofanya. Admin, andiko langu la kwanza lifutwe, hili libaki. Nanyi mlioandika "Aondoke", andikeni leo hapa chini, mmoja mmoja: "Abaki." Yule mama husoma yote.