Jina Kwenye Sufuria

Kila mwaka, theluji ikianza kuyeyuka hapa Lipnik, Arlene Hruska alipita mlango wa nyuma wa kiwanda cha zamani cha siagi kuchukua picha yake iliyokataliwa. Ndiyo desturi ya maonyesho yetu ya picha, yanayofanyika humo. Waliochaguliwa huingia kwa mbele Jumapili, wamevaa vizuri. Waliokataliwa hupita nyuma Alhamisi, wakapewa kahawa na kolache, vimkate vitamu vya plamu, na mtu akawaambia kwamba mwanga wa ukumbini ni mbaya, kwa hiyo hawajakosa kitu. Kisha mazungumzo huhamia kwenye mvua.

Arlene alikuwa mpishi wa shule yetu mpaka alipostaafu, na nusu ya mji huu imekula kwa mkono wake. Kuchora alianza uzeeni, na alichora kitu kimoja tu: sufuria iliyofunikwa. Sufuria ya bluu jikoni, nyeupe kwenye meza ndefu ya kanisani, nyingine imefungwa kitambaa kwenye kiti cha gari. Kifuniko hakiinuliwi hata siku moja. Mimi ni mdadisi, na sijawahi kuona haya kwa hilo. Nilipoolewa hapa Nebraska wakwe zangu walinisamehe mengine yote, ila maswali. Picha zile ziliniondolea raha. Zote zilikuwa sebuleni kwake, maana zote zilirudi.

"Mama, humu mna nini?" nilimuuliza.

"Chakula."

"Chakula gani?"

"Cha moto," akasema, akaniongezea kahawa.

Hakutafuta tuzo. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeanza kutetemeka, na daktari alimwambia hautatulia tena. "Nataka jaji mmoja tu aitazame vizuri," aliniambia. "Mtu asiyenijua. Akisema mbaya, basi, rangi zangu nitawagawia watoto wa shule. Lakini aseme." Mwaka huo ndio angeleta picha ya mwisho.

Jaji tunamleta kutoka mbali kwa sababu hapa tunajuana mno. Mtu akichora ng'ombe, ng'ombe mwenyewe tunamjua. Na sehemu ya mauzo ndiyo inayomlipa mwalimu wa sanaa na kununua rangi za watoto, kwa hiyo hakuna anayetaka isemwe kwamba ndugu wamechaguana. Sheria ni moja, na ni kali: jina la mchoraji lisionekane mbele ya picha.

Mwaka huo nilijitolea kupokea picha mlangoni. Mwenyekiti wetu ni Duane Kratochvil, binamu wa mume wangu, mtu mwema asiyependa kumuudhi hata nzi. Arlene alileta picha yake mapema, akaondoka. Duane akaitazama, akashusha pumzi, akaipeleka chumba cha makoti na kuigeuza uso ukutani.

"Mbona huko?" nikauliza.

"Ina jina, shemeji."

Nikaigeuza. Sufuria nyekundu, na ubavuni kipande cha utepe wa gundi chenye herufi kubwa: HRUSKA. Nikacheka kabla sijajizuia. Hapa kila sufuria inayokwenda kanisani kwenye chakula cha pamoja hubandikwa utepe wenye jina la mwenyewe, la sivyo hairudi. Hata yangu inao. Arlene alikuwa amechora alichokiona.

"Na zile za miaka iliyopita?"

"Zote zina utepe."

"Kwa hiyo hakuna jaji aliyewahi kuona hata moja?"

Duane akakuna shingo. "Hakuna."

"Na hukumwambia?"

"Ningemwambiaje? Angeona aibu."

"Duane, mficha uchi hazai. Mama wa watu mmemnywesha kahawa ya msiba kila mwaka, na maiti hayupo."

"Basi mwambie wewe," akasema. "Wewe si wa hapa."

Nimeishi humu hadi nywele zimeanza mvi, na bado si wa hapa. Nilikasirika, nikavaa koti, nikabeba na picha.

Arlene alinisikiliza amesimama jikoni. Nilitegemea machozi. Aliuliza tu, "Zote?"

"Zote, mama."

"Duane nimemlisha tangu darasa la kwanza," akasema. "Hakuwahi kuniambia hata kama supu haina chumvi."

Nikamwambia dawa ni ndogo, aufute utepe, siku za kupokea bado zipo. Akatikisa kichwa. "Sufuria isiyo na jina ni ya nani, mwanangu? Hiyo ni ya dukani."

Kisha akainama kwenye kabati la chini, akatoa sufuria ya kijani iliyochubuka mpini, utepe wake umegeuka rangi ya chai. Uliandikwa SEDLACEK. Vlasta Sedlacek alikuwa jirani yake na mwenzake wa jikoni shuleni. Tulimzika wakati wa kuvuna mahindi, kabla ya theluji.

"Nenda nyumbani," Arlene akaniambia. "Nina kazi."

Jumamosi, muda wa kupokea ukikaribia kwisha, alileta picha mpya. Mtetemeko wa mkono ulionekana kwenye ukingo wa sufuria, mstari unapanda na kushuka. Duane alipoliona jina, mikono ikaenda kuishusha.

"Si la mchoraji," nikamwambia. "Huyo amekufa. Hawezi kuleta picha."

Akaiacha ukutani.

Jaji aliyekuja katikati ya wiki alikuwa mwanamke wa mjini Omaha mwenye viatu vya matope, asiyesema sana. Alipita picha haraka haraka. Kwenye ile ya kijani alipita pia, akarudi, akainama mpaka pua ikakaribia kugusa rangi.

"Sedlacek ni nani?"

"Haturuhusiwi kusema," Duane akajibu.

"Na humu ndani mna nini?"

Nilitamani kumkumbatia. "Hata sisi hatujui," nikasema.

Picha haikupata tuzo. Lakini ilichaguliwa, ikatundikwa chumba cha mbele, karibu na dirisha.

Jumapili ya mwisho wa wiki hiyo Arlene akaingia kwa mlango wa mbele, amevaa viatu vya kanisani. Nilimsimulia, akataka nirudie.

"Aliinama?"

"Aliinama, mama. Na alirudi nyuma kuitazama."

Akautia mkono mfukoni uache kucheza. "Basi watoto wangojee rangi kidogo," akasema, na furaha yake hakuweza kuificha.

Hapo akaja Rosalie, binti wa Vlasta, ameshika sahani ya kolache. Akasimama ghafla.

"Hiyo sufuria ya mama. Tumeitafuta nyumba nzima."

"Ninayo mimi," Arlene akasema. "Aliniletea supu nilipougua. Nimechelewa kuirudisha."

"Tangu mavuno, Arlene?"

"Sufuria ya mtu hairudishwi tupu, unajua. Nimekuwa nikitafuta cha kutia."

Rosalie akaitazama tena ile picha, akauliza swali langu. "Na humu umetia nini?"

"Hamna kitu," Arlene akasema. "Ndiyo maana nimeifunika."

Rosalie akaiweka sahani chini. "Ilete hivyo hivyo," akasema. "Njoo nayo kesho, tupike."

Mimi hapo, kwa mara ya kwanza maishani, sikuuliza watapika nini.