Bathdei ya kwanza ya Mama Mwende, na ile tenti ya welfare

Wakuu, nawasalimu. Wa Makongeni, wa Mbotela, wa Kaloleni, na nyinyi mnasoma huku mkijifanya mko kazini, wote pokeeni salamu.

Hii nawaandikia ilinipata mimi mwenyewe. Chumvi sitaongeza, juu Mama Mwende husomewa kila kitu naandika hapa, na nikidanganya nitalala na njaa.

Shule niliachia darasa la nne, kwa hivyo mkiona herufi imepotea ipiteni tu kama mtu amelala njiani. Kazi yangu ilikuwa reli, breki za mabehewa, hadi nikastaafu. Breki nazijua. Ya mdomo ndio sina, na hiyo ni sehemu ya hii stori.

Mke wangu anaitwa Nekesa. Yeye ni wa Bungoma, mimi ni Mkamba wa Kangundo. Anauza nguo za watoto Gikomba, mitumba. Mwende ndio kifungua mimba wetu, na ndio alininunulia hii simu.

Sasa, Nekesa alikuwa hajawahi kuwa na bathdei.

Wacha nieleze. Kwa kitambulisho kuna tarehe, lakini hiyo aliandikiwa na karani. Walikuwa foleni ndefu ya wasichana, karani akachoka kuuliza, akawapatia wote siku moja. Kwa hivyo huko Bungoma kuna wamama wengi wameanguliwa pamoja kama vifaranga. Yeye anajua kitu kimoja tu: kwao mtoto msichana akizaliwa wakati wa mavuno anaitwa Nekesa. Ukimuuliza siku gani, anakwambia uliza mahindi.

Mimi nilikuwa nimeachia hapo. Mzee wa rika langu bathdei anaijulia wapi? Sisi tulikuwa tunahesabu miaka na viatu.

Lakini presha ikanishika, nikalazwa siku tisa. Nekesa akalala kwa benchi ya hospitali siku hizo zote. Asubuhi ananawa uso kwa bomba, anaenda Gikomba, jioni anarudi na uji kwa thamosi. Hakusema kitu, nami sikusema kitu. Sisi maneno ya nakupenda hatukufunzwa. Mtu anakuletea uji, unakunywa, mmeelewana.

Nilipotoka nikaambia Mwende nataka kumfanyia mamako kitu, na sitaki kumnunulia leso. Leso ako nazo sanduku mzima.

Mwende akaniambia, "Baba, mpatie siku yake."

Wakuu, hiyo neno iliingia. Tukachagua Jumamosi moja ya mavuno, ile wakati mahindi ya kuchoma yanaisha na makavu yanaanza kuingia sokoni. Na iwe sapraizi.

Hapo nikawa mtoto. Nilienda kwa mama wa keki mara tatu kumkumbusha jina. Akaniambia, "Mzee, Nekesa nimeandika mpaka naiota." Maputo nilipuliza mwenyewe mpaka nikaona nyota. Usingizi ukapotea, nikawa nacheka peke yangu chini ya blanketi, Nekesa akiuliza nikajifanya nakohoa.

Shida ikawa mdomo. Siri kwangu ni kama maji kwa kikapu. Kwa hivyo ile wiki nikaamua kunyamaza kabisa. Akiniuliza kitu, naitikia na kichwa. Jumamosi asubuhi akanikaripia juu ya soksi niliacha kwa meza. Siku zingine hapo tungebishana hadi chai iingie baridi. Mimi nikachukua soksi, nikaenda zangu. Akanitazama sana. Kisha akaenda Gikomba.

Mkumbuke hizo soksi.

Akishatoka tu, kazi ikaanza. Nyumba zetu za Makongeni mnazijua, ukinyoosha mguu umeingia kwa jirani. Wageni wangekaa wapi? Nikatuma Mwende apigie chairman wa welfare, kile chama chetu cha kusaidiana mtaani, simu, aombe tenti na viti. Na kwa sababu chairman naye hana siri, Mwende akamwambia hivi: "Chairman, naomba tenti ya mzee. Tafadhali usiniulize kitu."

Chairman akapunguza sauti. Akasema, "Pole sana, mami. Tunakuja."

Mwende akashangaa ni pole ya nini. Akaona labda ni ya gharama.

Wanaume wakaja, wakasimamisha tenti nje ya mlango wangu, wakapanga viti, wakaweka ile sufuria kubwa ya chai. Hawakupiga kelele. Mimi nilikuwa ndani nikiwachungulia, nikajiambia, ona vile watu wameiva siku hizi, wanafanya kazi kwa heshima.

Ndani tulikuwa mimi, Mwende, na wamama sita wa chama cha Nekesa. Mapazia tukafunga. Simu yangu nikazima, juu najijua, angenipigia ningemwambia yote. Mwende akaweka sheria: hakuna mtu kukohoa, hakuna kufungua mlango, mpaka mama mwenyewe aufungue.

Ikabaki kumwita. Kazi hiyo nilimpatia Mama Kioko, mmoja wa hao sita, jirani yetu wa mandazi, nikamfunza maneno mimi mwenyewe: "Mwambie tu arudi nyumbani. Akiuliza kuna nini, sema hakuna kitu, wewe rudi tu."

Mama Kioko akapiga hapo mbele yetu. Kicheko kilikuwa kimemjaa, kwa hivyo sauti ikawa inatetemeka. Mimi nikampigia makofi ya kimyakimya.

Wakuu, nyinyi mmeshaona. Hata mjinga ameshaona. Tenti ya welfare, ile hutolewa stoo kukiwa na matanga tu, iko nje ya mlango. Mapazia yamefungwa mchana. Simu ya mzee haiingii. Mzee mwenyewe juzi alikuwa hospitali, na asubuhi hakujibu hata ya soksi. Alafu jirani anapiga na sauti ya machozi, anasema hakuna kitu, rudi tu.

Hapa kwetu ni kifo pekee huwa kinaitwa hakuna kitu.

Lakini sisi tulikuwa ndani tukishikilia maputo.

Tukakaa. Nje tukasikia watu wanaongezeka, wanaongea chini chini. Alafu mama mmoja akaanza wimbo wa kanisa, ule wa pole pole. Nikamwuliza Mwende kwa sikio, nani amekufa? Akasema hajui. Wamama wa chama pia hawajui. Nikahuzunika kweli. Nikavua kofia. Nikaanza kupiga hesabu ya wazee wa laini yetu ya nyumba, yupi alikuwa anakohoa.

Kisha nikasikia Otieno, fundi wa baiskeli, ako karibu na dirisha anaambia mwenzake, "Alikuwa mtu mzuri. Lakini ngazi yangu iko huko ndani, sasa nitaidai aje?"

Hiyo ngazi mimi naijua. Tulikuwa tumeifungia maputo.

Kabla akili yangu ishike, tukasikia Nekesa. Alianzia mbali, kule kwa barabara. Wakuu, wale mmeoa Bungoma mnaijua hiyo sauti, inaanza chini kama gari inapanda mlima. Ikakuja ikikaribia, na ndani yake kuna jina. Mutua. Jina langu, ambalo hajaliita tangu Mwende azaliwe.

Mwende akaniangalia. Nilitaka kufungua, naapa. Lakini mkono ulikuwa na keki, na alikuwa ameanza kuongea.

Alisema, "Mutua, umeniacha nikikutukania soksi. Ungenijibu hata moja."

Alisema, "Nani atanipashia maji ya miguu nikitoka Gikomba?"

Kisha akasema, "Kwetu walinikataza. Walisema Mkamba atanitupa. Ukanichukua na kisanduku moja, na hujawahi kunitupa hata siku moja. Sikukuambia. Nilikuwa naweka nikuambie, na wewe umeenda."

Mama mmoja wa chama akakaa chini kwa maputo, moja ikapasuka. Mimi machozi yalikuwa yanaingia kwa keki. Miaka thelathini na nane, wakuu. Nilikuwa nafikiri uji ni uji.

Nikafungua mlango.

Otieno alikimbia hadi leo kiatu chake kimoja sijui kilienda wapi. Wimbo ulikatika kama stima. Nekesa alikuwa amekaa chini kwa vumbi, leso imeanguka, na mimi nimesimama na kofia kwa kwapa na keki imeandikwa jina lake.

Nikasema, "Mama Mwende, ni bathdei yako."

Akaniangalia kutoka viatu hadi kichwa.

"Umekufa ama hujakufa?"

"Sijakufa."

"Basi nyamaza kwanza nilie nimalize."

Na akalia akamaliza. Hakuna mtu alimgusa. Mimi nilisimama hapo nikishika keki kama askari. Alipomaliza akajipangusa, akainuka, akanizaba kofi moja ya bega ambayo mpaka leo kukiwa na baridi inanikumbusha. Kisha akaangalia keki akauliza, "Hii yote imeandikwa Nekesa?" Nikasema yote. Akacheka. Akicheka Nekesa mtaa mzima unacheka. Chai ya matanga ikawa chai ya bathdei, ule wimbo wa pole pole ukabadilishwa ukawa wa kucheza, na chairman akacheza kuliko wote, juu alisema tenti haijawahi kurudi stoo na habari njema. Otieno alirudi na kiatu kimoja. Nikampatia ngazi yake na maputo zake.

Watu walipoenda, nikapasha maji kama kawaida. Nikamwekea miguu kwa karai. Nikataka kumwambia ile yote nilisikia, nikashindwa. Nikamwambia tu, maji si moto sana?

Akasema iko sawa.

Sasa somo. Vijana mnaotaka kufanyia mabibi zenu sapraizi hapa Eastlands, fanyeni, ni kitu kizuri sana. Lakini tenti ikisimama, mwambie mtu mmoja nje sababu yake. Simu usizime. Na kama kuna maneno unamwekea mtu, usingojee tenti. Wewe mwambie hata kama ni juu ya soksi.

Mimi nimejaribu. Juzi nilimwambia moja, akaniuliza kama nimemeza dawa za presha.

Na nyinyi wakuu, kuna mwenye aliwahi kupanga furaha ikageuka matanga? Wekeni hapa, nitasoma na mimi nimsomee Nekesa. Lakini msiulize alisema nini ile usiku, miguu ikiwa kwa karai, juu hiyo nitawaambia bila kuulizwa.

Alisema, "Baba Mwende, yale maneno yote nilikuwa nimeyaweka ya siku yako nimeyamaliza leo. Sasa usikufe. Sina mengine."