Nilivyoharibu pete ya taa ya Mzee wa Ntimaru nikitengeneza moldi ya fiber

Wakuu, salamu kwenu nyote, wa garage na wa ofisini.

Nimeona uzi wa jamaa anayeuliza kama plastiki ya gari inayong'aa inahitaji wax kabla ya kumwagiwa fiber. Watu wanamjibu ati "iko smooth tayari, mwaga tu". Nikaona hapana, leo hata mimi nitaongea.

Nina miaka sabini na tisa na natype na kidole kimoja, kwa hivyo mtu asinikimbize. Haya yalinipata mimi mwenyewe. Mahali nilipokuwa mjinga nitasema nilikuwa mjinga.

Ilikuwa miaka ya sitini mwishoni.

Fiber, ile ya nyuzi za glasi, nilijifunzia Homa Bay, kwa fundi mmoja Kalasinga aliyekuwa akirekebisha boti. Miaka miwili kazi yangu ilikuwa kupiga msasa na kujikuna. Wanaojua vumbi la glasi wananielewa.

Baadaye nikahamia Suna, pale Migori, nikapata kazi kwenye garage. Nilikaa kwa Waya Persila. Waya kwetu ni dada ya baba. Mama msafi yule! Sufuria zake ungeweza kujinyolea ndevu ukijiangalia.

Sasa kulikuwa na mwalimu mmoja hapo Suna, Mwalimu Elisha, aliyegonga ng'ombe na gari lake. Ng'ombe akaenda zake. Kilichobaki vipande ni pete ya taa ya mbele, ile fremu ya plastiki nyeusi inayozunguka taa na kuishikilia. Ya upande wa pili ilibaki na ufa, haifai kunakiliwa. Taa ikawa inaning'inia kama jino la mtoto.

Spea ilikuwa ya kuagizwa kutoka mbali, ungoje miezi. Mimi na mdomo wangu nikasema, "Mwalimu, hiyo natengeneza."

Kutengeneza unahitaji moldi, yaani kalibu, na kupata moldi unahitaji pete nzima ya kunakili. Gari lingine la aina hiyo lilikuwa moja tu, Ntimaru, kwa Mzee Marwa, mkulima wa Kikuria. Nikamwendea.

Mzee hakunijua hata kwa jina. Alinisikiliza, akachukua bisibisi, akafungua pete ya kushoto mwenyewe na kunipa.

"Hii gari ndiyo inapeleka wamama hospitali wakishikwa na uchungu," akasema. "Jumamosi hiyo kitu iwe hapa."

Nikasema itakuwa. Sikuandika popote, na yeye hakuniuliza baba yangu ni nani.

Kidogo kuhusu kazi yenyewe, kwa wale wageni. Resini, ile gundi ya fiber, ikikauka inashika kila kitu. Kwa hivyo ile pete unaipaka wax, yaani nta, unangoja ikauke, unaing'arisha na kitambaa, unarudia. Mimi nilipaka mara tano kwa siku mbili, tena nyumbani kwa Waya, juu ya meza chumbani kwangu, kwa sababu garage ilikuwa na vumbi.

Siku ya tatu asubuhi nikaenda garage kuchukua resini na hardener ya kuigandisha. Nikarudi nikakuta pete iko palepale, inang'aa sana. Nikajisifu, nikasema mkono wangu umeiva.

Nikachanganya, nikapaka, nikalaza mkeka wa nyuzi za glasi tabaka tatu, nikaacha ikauke hadi kesho yake.

Kesho yake ikakataa kutoka.

Nikapitisha kabari ya mbao pembeni. Nikagongagonga. Nikamwaga maji. Wapi! Nikaongeza nguvu, nikasikia kra. Nusu ya pete ikabaki mkononi, nusu nyingine imeng'ang'ania ndani ya fiber, na kila nilipoikwangua ilitoka na vipande.

Hiyo ilikuwa Ijumaa, wakuu.

Waya akaja kuniangalia. Akauliza kwa Dholuo ile nta niliyokuwa nimepaka ilikuwa ya nini. Nikamuuliza ameijuaje. Akasema si aliiosha ile pete nilipokwenda garage! Maji ya moto na sabuni ya kipande, mara mbili, kisha akaikausha na leso yake.

Sasa nyinyi wa huku mnajua. Kitu cha kuazima hakirudi kwa mwenyewe na uchafu, na hakirudi mikono mitupu. Waya alijua nimeazima kwa Mkuria. Aliona kitu cha mgeni kimepakwa mafuta, akaona nitatia aibu nyumba yake. Alinifanyia wema.

Ningekasirika vipi? Sikuwa nimemwambia asiguse. Na ingekuwa mbao ningeona wax imetoka. Lakini plastiki ile inang'aa ikiwa na wax, na inang'aa bila wax. Macho hayakusaidii hata kidogo.

Pale garage wenzangu wakanishauri niseme imeibiwa. Nisiwadanganye, nililikubali wazo hilo. Hata nilikuwa nimepanga iliibiwa saa ngapi na dirisha gani.

Jumamosi Waya akasema twende wote. Akabeba kuku. Nikamwambia njiani anyamaze, nitaongea mimi.

Tulipofika Mzee Marwa alikuwa amesimama kando ya gari lake la jicho moja. Nikafungua mdomo, "Mzee, kuna shida imetokea..."

Waya akanikata, na Kiswahili chake cha soko. "Hiyo kitu ni mimi nilisafisha. Nikatoa dawa yake. Huyu mtoto ya ndugu yangu hana makosa. Ni mimi."

Nikaona haya ambayo sijaona tena maishani. Mama mzima anajitoa, na mimi niko na uongo wangu tayari mdomoni. Nikatoa vile vipande mfukoni, nikamwelezea Mzee yote, hata ile habari ya wizi niliyokuwa nimepanga.

Mzee akageuza vipande mkononi.

"Ungesema imeibiwa ningekubali," akasema. "Huko Migori watu wanaibiwa kila siku. Halafu nisingekupa kitu tena."

Akachukua bisibisi, akafungua pete ya kulia. Pete hizo zilikuwa sawa pande zote mbili.

"Shika hii. Lakini haiendi Migori. Utafanyia hapa nikiona. Na mama akae mbali na maji."

Waya alicheka mpaka kuku akaponyoka.

Nilirudi Jumatatu na vitu vyangu. Mara hii baada ya kila mkono wa wax nilidondosha tone la maji. Likikusanyika kama shanga na kuteleza, wax ipo. Likilala na kutanda, hakuna. Mzee alikaa kwenye kiti siku nne akihesabu matone pamoja nami.

Moldi ilipoachia ilitoa mlio, pwaa! Mzee akapitisha kidole kwenye pete yake nzima. Hata alama haikuwepo.

Kwenye moldi ile nikatoa pete tatu za fiber, nikazipaka nyeusi. Moja ya Mwalimu Elisha, moja ya Mzee badala ya ile niliyovunja, moja ya akiba. Nilipotaka kumrudishia Mzee ile yake ya asili akanizuia. Akasema nifunge zangu mbili kwenye gari lake, hata ile ya akiba. Nikadhani amezipenda.

Akaifunga ile ya asili kwenye gazeti, akaniwekea mkononi.

"Hii kaa nayo. Wewe bado utaharibu vitu vya watu. Siku hiyo uwe na ya kurudisha."

Machozi yalinitoka mbele ya mzee wa watu, sioni aibu kusema.

Na haukupita mwaka. Nilikuwa nafungua pete ya pili ya Mwalimu Elisha, ile yenye ufa, ili niisafishe, ikanikatikia mkononi. Nikaenda nyumbani, nikafungua lile gazeti la Mzee, nikamfungia Mwalimu ile pete.

Kwa hivyo kijana uliyeuliza: paka wax, tena mara nyingi, halafu uamini tone la maji, usiamini mng'aro. Kitu cha mtu kikiwa mezani, waambie wa nyumbani wasikiguse na uwaambie kwa nini. Kikiharibika, nenda mwenyewe na useme kabla shangazi yako hajasema.

Wenye mnamwaga fiber siku hizi, mnajaribu vipi wax kwenye plastiki? Na nani hapa amewahi kurudisha kitu cha kuazima kikiwa vipande? Mlipokelewa vipi? Andikeni, nasoma pole pole lakini nasoma yote.